Bolti ya Juu

Gongo la Mboto,
4 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie Bibi shikamoo yake, na Shangazi Demetria pia. Huku sisi wazima, joto tu ndilo linatutesa. Mama siku hizi analala na kitambaa chenye maji usoni.

Najua utacheka kuona barua wakati simu zipo. Lakini wewe ukipigiwa simu unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu kwa sababu ya masikio yako, na mimi nikishika simu maneno yananikauka. Nilipokuwa darasa la pili nilikuwa nakuandikia vikaratasi na kuviweka kwenye hotpoti yako ya chakula, na jioni unanirudishia majibu nyuma ya pakiti la plagi. Naona tuendelee pale pale. Dereva wa basi la Tukuyu, yule mteja wako wa zamani, amekubali kubeba bahasha zetu.

Mtihani nimemaliza salama. Hesabu ilikuwa ngumu, Kemia afadhali. Sasa nasubiri matokeo ya kidato cha nne kama wenzangu wote. Mama anataka nipumzike nyumbani, lakini mchana huwa nampelekea Anko Gervas chai gereji, maana tangu uende kuezeka paa la Bibi yuko peke yake pale bandani.

Kilichonifanya niandike ni gari la Mama Misbah, lile basi dogo jeupe linalobeba watoto wa chekechea yake ya Chang'ombe. Stata imekufa. Kabla shule hazijafungwa walimu walikuwa wanashuka kulisukuma kila asubuhi, na watoto ndani wanapiga makofi na kuimba. Mama Misbah anasema liwe limepona kabla shule hazijafunguliwa Januari, la sivyo atalivuta mpaka gereji nyingine. Na hatuna gari jingine, Baba. Mzee Brightson mwenye kiwanja alikuja akasimama mlangoni akasema, "Gervas, banda la Wilbert limegeuka kitanda cha paka. Januari nikikuta hakuna kazi humu, nawapa vijana wa kuosha magari." Hao vijana wameshaanza kupima pa kuweka tangi lao la maji.

Stata imeshikwa na bolti mbili. Ya chini imetoka bila matata. Ya juu imejificha nyuma, juu ya giaboksi, chini ya mabomba, huioni hata ukitumia kioo. Anko Gervas anasema labda washushe giaboksi, lakini mgongo wake haumruhusu kufanya hivyo peke yake. Anauliza, wewe ungechagua spana gani?

Jibu mapema. Sitaki urudi ukute ndoo za sabuni mahali pako.

Mwanao,
Sekela


Tukuyu,
9 Desemba 2024

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Usishangae mwandiko. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na shangazi yako anaandika.

(Mimi Demetria naandika kila anachosema, hata asichotaka kiandikwe. Hujambo, binti wa kaka?)

Nimefurahi umemaliza mtihani. Hapa mvua hainyamazi. Bibi yako anakula vizuri na kufokea kuku vizuri, kwa hiyo ni mzima.

Kuhusu bolti. Mwambie Gervas asianze na spana. Aanze na kidole. Bolti usiyoiona inasomwa kwa kidole kama kipofu anavyosoma uso wa mtu: kichwa chake kinatazama wapi, kona zake ni kali au zimelika, pembeni kuna nafasi ya kuzungusha mpini au hakuna. Fundi anayeshika spana kabla ya kidole atamaliza siku anabadilisha spana.

Akishaisoma, alale chini ya gari. Achukue boksi namba kumi na nne, la kuvalisha kichwa cha bolti, aunge ekstensheni zangu mbili ndefu ziwe fimbo moja, na mwishoni aweke yunivasal, kile kiungo kinachojikunja kama kiwiko. Apitishe juu ya giaboksi. Racheti, mpini wa kuzungushia, inabaki huku nyuma kwenye nafasi, mkono hauna haja ya kufika kwenye bolti.

Brightson mwambie nitarudi. Paa likiisha narudi.

Na wewe, chai ukishaipeleka, urudi nyumbani. Mikono yako ni ya kushika kalamu, si ya kushika grisi. Hilo nilikwambia tangu zamani na sijabadilika.

Baba yako,
Wilbert

(Amesema pia amekukumbuka, lakini amesema kwa sauti ndogo. Nami nimesikia. D.)


Gongo la Mboto,
15 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa majibu, na ndaga kwa Shangazi kwa mabano yake. Mama aliyasoma akacheka peke yake jikoni, halafu akafuta macho. Nilimuuliza kuna nini, akasema kitunguu.

Katika bahasha hii kuna miwani yako ya zamani, ile ya fremu ya kahawia. Nimeikuta kwenye droo chini ya risiti. Mguu mmoja nimeufunga kwa waya mwembamba. Sasa utaandika mwenyewe.

Anko Gervas alifanya kama ulivyosema. Fimbo ya ekstensheni ilipita juu ya giaboksi vizuri sana. Tatizo ni yunivasal. Ukianza kuvuta kwa nguvu inajikunja zaidi, boksi linakaa upande, halafu linaruka. Liliporuka mara ya pili tuliliacha. Kidole kinasema kona mbili za bolti zimeanza kuwa duara. Likiruka tena hatutakuwa na pa kushika.

Kwa hiyo boksi hapana. Spana ya mdomo wazi hapana pia, maana inashika kona mbili tu, na ni zile zile zilizochoka. Inatakiwa spana ringi, inayokumbatia kichwa chote. Kuna njia ya mkono kutoka juu: unapita kati ya bomba la maji na ukuta wa injini, kiganja kikiwa bapa, unasukuma mpaka kifundo cha mkono kinabanwa kidogo, na vidole viwili vinafika kwenye bolti. Lakini ringi zote zilizopo bandani zina mpini ulionyooka. Unaivalisha vizuri, ukitaka kuzungusha mpini unagonga bomba. Hakuna hata nafasi ya kupitisha unyasi.

Kwa hiyo Anko Gervas ana ombi, usikasirike. Ile ringi yako ya kumi na nne inayoning'inia kwenye msumari, uliyopewa na marehemu Fundi Taher. Chuma chake ni kizuri kuliko cha spana za siku hizi. Ikipashwa moto kwa Augustine mchomeleaji na kukunjwa kama mwezi mchanga, itazunguka bomba bila kuligusa. Tunaruhusiwa?

Vijana wa kuosha magari wanatutania kutwa nzima. Mmoja alisema, "Oya, nyie hapo kwenye boneti, mnatafuta hereni?" Anko Gervas akamjibu, "Tunatafuta akili zako, mama yako kasema zilidondokea huku." Mimi nilitaka kucheka lakini niliinamisha uso.

Krismasi njema, kama itaitangulia barua yangu nyingine.

Mwanao,
Sekela


Tukuyu,
21 Desemba 2024

Mwanangu Sekela,

Marahaba. Miwani imefika, naona vizuri. Shangazi yako anaendelea kuandika kwa sababu ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

(Hiyo ni kweli, lakini siyo sababu. Nimeambiwa niandike nilichoambiwa, basi naandika. D.)

Spana ya Fundi Taher isiguswe.

Nilifanya kazi kwake kule Kariakoo nikiwa sina hata ndevu. Mzee Taher Jafferali alikuwa hapigi kelele wala hasifii mtu. Siku naondoka kwenda kufungua banda langu aliitoa mfukoni mwa ovaroli yake, akanipa, akarudi kazini. Ndiyo maana haikai na zingine kwenye sanduku la vifaa. Chuma kikishakunjwa hakirudi kilivyokuwa, hata ukikinyoosha tena kinakumbuka. Nitaihitaji nikirudi. Mwambie Gervas hivyo.

Badala yake kuna njia nyingine. Mchungaji hapa ana gari lenye injini ndugu moja na hiyo. Nimeenda uani kwake nikaipapasa mwenyewe mpaka nikaipata. Sikiliza.

Toa betri na sahani yake. Simama mbele ya gari, upande wa dereva. Tumia ile ringi fupi iliyo kwenye kopo la rangi, siyo ndefu. Shusha mkono wa kushoto, kiganja kikitazama injini. Pita chini ya bomba la maji, siyo juu yake. Ukigusa waya mnene, kunja kiwiko kiegemee pale betri ilipokuwa. Bolti itakuja yenyewe kwenye kidole gumba. Zungusha kidogo kidogo, toa, valisha tena, zungusha. Ni kazi ya uvumilivu, siyo ya nguvu.

Fundi asione aibu ikichukua siku nzima.

Krismasi njema, mwanangu. Mle wali. Mama yako mwambie kitunguu kinaisha.

Baba yako,
Wilbert


Gongo la Mboto,
2 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Wali tulikula. Anko Gervas alikuja na mkewe, wakaleta soda na mbuzi robo, na Mama akavaa gauni la kijani unalolipenda.

Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Nitaandika moja kwa moja kabla sijaogopa tena.

Anko Gervas hakuwahi kuingiza mkono kwenye gari hilo. Ni mimi. Siku ya kwanza nilipopeleka chai alikuwa amejilaza, mgongo umemkataa, na Mama Misbah anapiga simu. Nikamwambia, "Anko, naomba nipapase tu." Akasema, "Papasa, lakini baba yako akijua mie nahamia Msumbiji." Nikapapasa. Bolti ilikuwa pale pale, Baba. Baridi kidogo, na kona zake. Sijui nieleze vipi. Shuleni nikiulizwa swali najua jibu na mdomo haufunguki. Mle ndani ya injini hakuna anayenitazama, na mkono unajua pa kwenda.

Nimekuwa nikienda kila siku. Grisi naitoa kwa sabuni ya unga na majani ya mpapai kabla Mama hajarudi kutoka sokoni. Nilitumia jina la Anko kwa sababu ungeniambia nirudi nyumbani, na wewe uliniambia hivyo hivyo.

Sasa nakwambia kilichotokea. Nilifuata njia yako. Nilitoa betri, nikasimama upande wa dereva, nikachukua ringi fupi. Uliandika mkono wa kushoto, lakini nilidhani Shangazi amekosea kuandika, kwa sababu mimi na wewe wote tunatumia kulia. Nikaingiza wa kulia. Kiwiko kikagoma, kifundo kikapinda nusura nilie, spana haikusogea hata nywele. Anko Gervas akasema njia hiyo imeandikwa na mtu aliyekunywa ulanzi. Halafu nikajaribu kushoto, nione tu. Uliingia kama maji, Baba. Kiwiko kikakaa mahali pa betri, gumba likaikuta bolti, kila kitu kama ulivyosema.

Kisha nikafanya kosa. Kwa kuwa bolti naishika kutoka nyuma yake, kichwa kinatazama upande wa pili, nilizungusha upande tuliouzoea wa kulegeza. Kumbe huko ilikuwa kukaza. Niliizungusha robo nzima nikishangilia moyoni. Nilipojua, nilikaa chini ya gari nikabaki huko mpaka Anko Gervas aliponiita kwa jina langu lote. Sasa imekaza kuliko ilivyokuja, na ile ringi fupi haina mpini wa kutosha kuishinda. Shule zinafunguliwa tarehe kumi na tatu.

Hayo ni yangu. Sasa nina swali, nisamehe.

Njia uliyonipa inapita kwa mkono wa kushoto peke yake. Fundi yeyote anayetumia kulia angetafuta kwanza njia ya kulia. Wewe hukuitafuta. Na miwani umepata lakini Shangazi bado anaandika. Na Mama ana vitunguu vingi siku hizi.

Baba, mkono wako wa kulia umefanya nini?

Mwanao,
Sekela


Tukuyu,
6 Januari 2025

Mwanangu,

Barua yako ilisomwa hapa mezani, mbele ya Bibi. Shangazi yako aliposoma swali la mwisho aliweka karatasi chini akasema, "Mimi nilikwambia mtoto huyu ana akili, kaka." Bibi akasema nikikudanganya tena nitalala nje na kuku.

Basi. Mwezi wa tisa, asubuhi moja bandani, spana ilinidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Nikamwambia Gervas grisi imezidi. Mchana mguu nao ukaanza kuburuta. Hospitali walisema ni kiharusi kidogo, nimshukuru Mungu kuwa ni kidogo. Mguu umerudi karibu wote. Mdomo haukuguswa, shangazi yako anasikitika kwa hilo. Mkono wa kulia bado. Unaning'inia kama soksi kwenye kamba.

Ulikuwa umebakiza wiki chache uingie kwenye mtihani. Mimi na mama yako tuliamua nije huku, na tukakwambia habari za paa. Paa la Bibi ni zima, halivuji hata tone. Mtihani ulipoisha nilitaka kukwambia. Ikaja barua yako ya bolti, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa mtu akaniuliza spana gani. Nikaona niwe fundi japo kidogo zaidi.

Usidhani na wewe ulinificha sana. Barua ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua kabla haijaisha. Uliandika mkono unapita kati ya bomba la maji na ukuta wa injini. Mkono wa Gervas ni mkungu wa ndizi, haupiti hapo hata ukipakwa siagi. Tena Gervas nimefanya naye kazi miaka yote hiyo, hajawahi kuniuliza nichague spana gani. Huuliza nyundo iko wapi.

Nilinyamaza. Nilikwenda kwa mchungaji nikavua shati, nikatafuta njia kwa mkono niliobaki nao, na nilijua ni nani atakayeipita.

Kuhusu kuzungusha kinyume, kila fundi amelifanya hilo na wengi hawasemi. Dawa yake ni hii. Chukua bolti ya chini uliyokwisha kuitoa. Ishike kwa mkono wako wa kulia huku nje kwenye mwanga, kichwa kikitazama upande ule ule inakotazama ya juu. Zungusha zote mbili kwa pamoja. Mkono unaoona unaufundisha usioona. Daktari wa viungo hapa ananifanyisha jambo hilo hilo kila asubuhi, kushoto kufundishe kulia. Nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka niliposoma barua yako.

Sasa spana ya Mzee Taher. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nikiisubiri mimi. Nililala hapa nikiiona kwenye msumari wake, imenyooka, nikijiambia siku nitakayoishika tena ndiyo siku nimepona. Spana haikutengenezwa ili isubiri mtu.

Ikunje. Usiikunje kwa mkono wangu, ikunje kwa njia ya mkono wako. Augustine aipashe mpaka iwe nyekundu kama pilipili iliyoiva, siyo nyeupe. Ikishakaa umbo, msiitie kwenye maji, itakuwa kavu na kuvunjika. Izikeni mchangani ipoe yenyewe. Bolti imwagie mafuta ya kulegezea kutu, ilale nayo.

Kuhusu kalamu na grisi, nilisema sijabadilika. Nimebadilika.

Baba yako,
Wilbert

(Sina la kuongeza, ila karatasi imelowa kidogo hapo katikati. Ni mvua. Paa, unajua. D.)


Gongo la Mboto,
14 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, ya pili ni ya mkono wa kulia.

Nililia. Mama naye akalia, halafu akaniambia yote, tukapika chapati usiku. Kumbe alijua habari za grisi tangu wiki ya kwanza. Anasema hakuna mtoto anayechuma majani ya mpapai kila siku bila sababu.

Sikumpelekea Augustine spana hapo hapo. Niliogopa kuikunja vibaya, kwa kuwa ulisema chuma kinakumbuka. Nilichukua waya wa kufungia nondo, nikauingiza pamoja na mkono wangu mpaka kwenye bolti, nikaukandamiza ukafuata bomba, nikautoa taratibu. Ulitoka na umbo la njia yenyewe. Nikaupeleka huo. Augustine akaitazama spana akasema, "Hii si ya Wilbert? Ana habari?" Nikampa barua yako. Alisoma ukurasa wa mwisho wote amesimama, akavua kofia, akawasha moto.

Anko Gervas aliishika kwa koleo, Augustine akakunja, mimi nikashika waya pembeni nikisema, "Bado. Bado kidogo. Hapo." Ni mimi niliyesema "hapo", Baba, na watu wazima wawili wakaacha. Tuliizika mchangani. Nilikaa karibu nayo kama kuku juu ya mayai.

Kesho yake niliivalisha. Haikugusa bomba. Nilishika bolti ya chini kwa mkono wa kulia, nje, nikafumba macho nikavuta. Haikwenda. Wale vijana walikuwa wamekaa juu ya tangi lao, mmoja akasema, "Sista, hereni umeipata?" Nikavuta tena, mikono miwili kwa pamoja, mmoja kwenye mwanga na mwingine gizani. Ilitoa mlio kama mlango wa zamani. Anko Gervas alisimama. Mgongo wake ukasahau kuuma. Nikatoa, nikavalisha, nikatoa, nikavalisha, na kila mara ilikuwa nyepesi zaidi, mpaka ikanidondokea kiganjani ikiwa ya moto.

Tulifunga stata nyingine na bolti mpya. Mama Misbah alikuja jana alfajiri, kabla ya kwenda kuchukua watoto, na mwalimu mmoja wa kusukuma, kwa tahadhari. Mzee Brightson naye alikuwepo, amefunga mikono kifuani. Anko Gervas akageuza ufunguo na gari likawaka mara moja, likaguna kama mtu aliyeshiba.

Mama Misbah akasema, "Alhamdulillah. Fundi Wilbert karudi?"

"Bado, mama," akasema Anko Gervas.

"Basi nani kafungua? Maana wewe Gervas nakujua, ungenikatia gari vipande."

Anko Gervas alikunja mikono kama Mzee Brightson, akatazama juu. Alijua anachofanya. Wote wakaangalia huku na huku, na hao vijana wa tangi pia, na mimi mdomo ukakauka kama darasani. Nikaiona spana mkononi mwangu, imekunjwa. Nikasema, "Ni mimi, mama." Nilisema kwa sauti ndogo, lakini injini ilikuwa inaunguruma na bado walinisikia.

Mama Misbah alinitazama, akashika mkono wangu wa kushoto akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua embe. Akasema, "Breki za nyuma zinalia. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nalileta. Nakuta wewe, siyo huyu."

Mzee Brightson alishusha mikono, akaondoka. Jioni wale vijana walihamisha tangi lao mpaka upande wa mnazi. Yule wa hereni alipita na ndoo akasema, "Fundi, samahani eti." Nikamwambia haina shida.

Spana nimeirudisha kwenye msumari ule ule. Inaning'inia upande sasa. Matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, nataka chuo cha ufundi. Mama amekubali. Nimebaki kukusikia wewe.

Ndani ya bahasha nimeweka bolti yenyewe, ya juu. Kona mbili zimelika, utazisikia kwa kidole. Nilitaka uwe nayo.

Mwanao,
Sekela


Tukuyu
27 Januari

Sekela

Leo Shangazi yako haandiki. Naandika mimi kwa kushoto. Nisamehe mistari inapanda mlima.

Chuo ndiyo.

Breki za nyuma anza na kidole.

Bolti imefika. Kila asubuhi naiweka kiganja cha kulia. Cha kushoto kinaonyesha, cha kulia kinafunga. Inadondoka. Naiokota.

Wako
Baba